Kambi ya upasuaji ya wiki moja: anza kuipima kwenye chumba cha kutakasia vyombo

Kambi za upasuaji za madaktari wa kujitolea hujitangaza kwa idadi: meza tatu, mabingwa watano, wagonjwa themanini ndani ya siku tano. Idadi ya mabingwa ndiyo inayokuambia machache kuliko zote. Hospitali inayoombwa kuipokea timu, na hata anayetaka kuichangia, aombe kwanza kuona vitu vitatu: otoklevu (mashine ya mvuke ya kutakasia vyombo), mpango wa kuwalaza wagonjwa kwa dawa za usingizi, na jina la atakayewaona wagonjwa wiki ya pili, wageni wakishaondoka.

Haja ipo na haina ubishi. Tume ya jarida la tiba la Lancet kuhusu upasuaji duniani ilikadiria mwaka 2015 kwamba watu bilioni 5 hawapati upasuaji salama wanaoumudu, na kwamba zinahitajika operesheni milioni 143 zaidi kila mwaka. Kambi ya wiki moja haizibi pengo hilo. Kazi yake ni kumtibu vizuri huyu aliyelala mezani leo, na hilo ndilo tunalolipima hapa.

Tuanze na otoklevu. Ya mezani, ya lita 20 hivi, inabeba seti mbili ndogo za vyombo. Vyombo vikishaoshwa na kufungwa, vinahitaji joto la nyuzi 121 kwa dakika 30, au nyuzi 134 kwa dakika 4 ikiwa mashine ina pampu ya kutoa hewa. Ongeza muda wa kupanda joto, kisha dakika 20 hadi 30 za kukausha. Mzunguko mmoja unakula saa nzima na ushei. Kwa siku ya saa 8 utapata mizunguko 6 au 7, yaani seti 12 hadi 14. Meza tatu zenye operesheni sita kila moja zinataka seti 18. Hesabu hiyo haibadilishwi na daktari hodari wala na mioyo mizuri.

Siku ya kwanza hakuna anayeliona pengo hilo, kwa sababu timu imekuja na seti zilizokwisha kutakaswa. Siku ya tatu foleni imejaa, na kitu cha kwanza kukatwa ni muda wa kukausha. Shika kifurushi kilichotoka mapema: kitambaa ni kizito na kina baridi ya unyevu upande wa chini. Kifurushi hicho kimeharibika tayari, kwani kitambaa chenye maji hunyonya vijidudu kutoka kwenye mkono na rafu na kuviingiza ndani. Ile tepu ya nje iliyogeuka mistari myeusi isikudanganye. Inathibitisha kwamba kifurushi kilipita kwenye joto, basi. Kinachohitajika ni kiashiria cha kemikali katikati ya kila kifurushi, na kipimo cha vijidudu hai, kinachoonyesha kama mashine kweli inaviua, angalau mara moja kabla ya mgonjwa wa kwanza. Timu inayoleta otoklevu ya pili na mtu ambaye kazi yake ni hiyo tu, tunaipa alama za juu hata kama ina daktari mmoja pungufu.

Mashine hiyohiyo ndiyo inayoamua mambo ya henia (ngiri), ambayo hurekebishwa kwa kushonea wavu wa kuimarisha mahali palipolegea. Utafiti uliofanyika mashariki mwa Uganda na kuchapishwa mwaka 2016 ulionyesha kuwa wavu wa bei nafuu, wa kitambaa cha aina ya chandarua, ulifanya kazi sawa na wavu wa kibiashara katika kurekebisha henia ya kinena. Ni habari njema kwa hospitali isiyo na fedha, lakini hiyo si ruhusa ya kukata chandarua chochote na kukitia kwenye otoklevu. Aina ya plastiki lazima ijulikane, na joto lisimamiwe kikamilifu, maana plastiki ya namna hii haivumilii joto kali kama chuma kinavyovumilia.

Umeme na oksijeni huzua aibu za siku ya kwanza. Kifaa kilichotengenezwa kwa volti 110 kikichomekwa kwenye volti 230 hufa papo hapo. Transfoma ndogo ya dukani haiwezi kubeba mashine ya umeme ya kukatia na kuzuia damu. Kosa la oksijeni limejificha zaidi: timu inaleta mashine ya usingizi inayotaka gesi yenye shinikizo la takriban bar 4, kumbe hospitali ina mashine ya kuchuja oksijeni kutoka hewani, inayotoa lita 5 au 10 kwa dakika kwa shinikizo dogo. Haviungani. Penye hali hiyo, mashine ya usingizi inayovuta hewa ya kawaida ya chumbani ndiyo ya kuaminika, kwani umeme ukikatika mgonjwa anaendelea kupumua na kulala.

Usingizi wa watoto unastahili nafasi zaidi kuliko inavyopewa. Kwa mdomo uliopasuka tangu kuzaliwa, kanuni ya zamani bado inasaidia: mtoto awe na wiki 10, uzito wa kilo 4.5 hivi, na hemoglobini (kiwango cha damu) ya gramu 10 kwa desilita. Kaakaa lililopasuka, yaani paa la kinywa, husubiri, mara nyingi hadi karibu na mwaka mmoja. Mama aambiwe saa za kumzuia mtoto kula kwa lugha yake, si kwa karatasi: chakula kikome saa 6 kabla ya usingizi, maziwa ya mama saa 4, maji matupu saa 2. Tatizo kubwa ni mafua. Mtoto mwenye makamasi na kikohozi ana hatari zaidi ya kubanwa njia ya hewa akiwa amelala, na kwa kawaida huahirishwa kwa wiki kadhaa. Kambi ya siku tano haina wiki kadhaa, na hapo ndipo shinikizo la kusema "tumfanye tu, wametoka mbali" linapoingia. Uliza mapema: mtoto akiahirishwa, atafanyiwa wapi na nani? Timu isiyo na jibu itamlaza mtoto ambaye hakupaswa kulala.

Chumba cha kuzindukia nacho kiwe na kipima oksijeni kwa kila kitanda, chenye sauti ya kengele, na muuguzi asiyeitwa kusaidia kwingine. Baada ya kushonwa kaakaa, damu na uvimbe vinaweza kuziba hewa usiku huohuo, wakati mabingwa wako hotelini.

Kwa mtoto wa jicho, kambi fupi hufanya vizuri kuliko kwa upasuaji mwingine mwingi. Upasuaji wa mkato mdogo usiohitaji kushonwa huchukua dakika chache mikononi mwa mzoefu. Panapoharibika ni kwenye lenzi ya bandia: wasiopima urefu wa jicho na mkunjo wa konea (kioo cha mbele cha jicho) huweka lenzi ya nguvu moja kwa kila mtu, na mgonjwa anaondoka na ukungu mwingine. Omba matokeo yao ya nyuma. Kipimo cha Shirika la Afya Duniani (WHO) ni angalau asilimia 80 wafikie uoni wa 6/18 (kuona kwa mita 6 kile mwenye macho mazima anachokiona kwa mita 18) au zaidi kwa miwani waliyo nayo, na walio chini ya 6/60 wasizidi asilimia 5. Timu isiyohesabu haiwezi kukujibu.

Orodha ya usalama ya WHO ina vipengele 19 na haigharimu kitu. Katika hospitali 8 za majaribio, matokeo yake yalichapishwa mwaka 2009: vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Isomwe kwa sauti, na kwa lugha ambayo muuguzi mwenyeji anaijua. Na dawa za msaada zifike zikiwa na angalau mwaka mmoja kabla ya kuisha muda.

Kuhusu mfumo, sisi tunaegemea upande wa wanaobaki. Smile Train, shirika la kutibu midomo na kaakaa zilizopasuka lililoanza mwaka 1999, limejengwa juu ya madaktari wenyeji wanaofanya kazi mwaka mzima. Meli ya hospitali Global Mercy ya shirika la hisani la Mercy Ships, yenye vyumba 6 vya upasuaji, hukaa bandarini miezi kadhaa, na mtoto mwenye mafua anaweza kurudi. Kambi ya wiki moja inaweza kukaribia ubora huo kwa masharti matatu: operesheni kubwa zifanyike siku mbili za mwanzo, siku ya mwisho isiwe na upasuaji kabisa, na daktari mwenyeji awe ameshika kisu pamoja nao tangu mwanzo.

Tundu la kaakaa hujitokeza siku au wiki chache baada ya kushonwa, chakula kinapoanza kutokea puani. Mama atarudi hospitali ileile akiwa na mtoto mgongoni. Faili liwe pale, kwa lugha inayosomeka, likieleza uzi gani ulitumika na nani alishona, na namba ya kupiga iwe ya mtu atakayepokea.