Assembly: ilimba ya Hukwe Zawose na gitaa lisilokatika

Kipimo cha kwanza cha rekodi yoyote ya ilimba, ala ya kasha lenye vyuma vinavyopigwa kwa vidole gumba, ni mvumo wake. Kwenye kasha la ilimba ya Kigogo kuna tundu lililozibwa kwa utando mwembamba wa buibui. Kidole gumba kikibonyeza chuma na kukiachia, utando unatetemeka na kulia kama nyuki aliyefungiwa kwenye kibiriti. Fundi mitambo akizikata sauti za juu akidhani ni kelele, ilimba imekwisha. Katika Assembly, albamu ambayo marehemu Hukwe Zawose, mwanamuziki wa Kigogo kutoka Tanzania, alirekodi na mpiga gitaa wa Kanada, Michael Brook, chini ya lebo ya Real World, mvumo umebaki. Kwangu hiyo ni sifa kubwa.

Ugumu wa mchanganyiko huu uko kwenye ngazi ya sauti. Ngazi ya Kigogo, yaani mpangilio wa noti zake, hufuata uwiano wa 6:7:8:9:10, na noti ya 7 iko chini ya noti ya piano iliyo karibu nayo kwa karibu theluthi moja ya nusu toni (hatua ndogo kabisa ya piano). Ukiipigia kodi za kawaida za gitaa, yaani noti kadhaa zinazolia pamoja, zitagongana. Wengi hutatua tatizo hilo kwa kumtaka mwenye ilimba asogeze vyuma vyake, na hapo Ugogo wote unapotea. Brook ana dawa bora: gitaa alilolibuni mwenyewe, ambalo noti ikishapigwa haififii mpaka aizime. Anashikilia noti moja ndefu, kisha Zawose anatamba juu yake, mara sauti nzito ya kifuani, mara nyembamba kama ya mtoto, bila kusukumwa na mtu. Sehemu hizo ndizo roho ya albamu.

Panapopwaya ni kwenye nyimbo zenye mdundo wa dansi. Besi ya studio na vyuma vya chini vya ilimba vinagombea nafasi ileile, na besi ndiyo inayoshinda. Utasikia vyuma vya juu tu, kana kwamba Zawose anapiga kwa mkono mmoja.

Usiisikilize kwa spika ya simu: besi itapotea na mvumo utadhani spika imepasuka. MP3 ya kilobiti 128 nayo hula sauti za juu, kwa hiyo tafuta CD na hedifoni nzuri. Na kama hujawahi kumsikia Zawose, anza na Chibite ya 1996, uizoee ilimba bila mitambo kabla ya kumsikia Brook.