Technics SL-1200MK2 ya Mtumba: Kagua Mkono Kabla ya Kusifu Mota

Kicheza santuri cha Technics SL-1200MK2 husifiwa kwa mota yake, na sifa hizo ni za haki. Sahani inayobeba santuri ndiyo yenyewe sehemu ya mota: chini yake kuna pete ya sumaku, na koili zimetulia kwenye boksi. Hakuna mkanda wa kukatika wala gurudumu la mpira la kukauka. Kasi inashikiliwa na fuwele ya kwatzi, na mizunguko 33⅓ kwa dakika inafikiwa kwa sekunde 0.7 tu. Modeli hii ilitoka mwaka 1979, familia yake ikatengenezwa hadi 2010, kisha ikarudishwa sokoni 2016. Mota zilizokufa kwa uzee ni chache mno.

Lakini mnunuzi wa mtumba akiishia hapo ataumia, maana kinachochakaa kwenye mashine hii ni mkono, lile bomba linalobeba sindano juu ya santuri. Nyingi zilifanya kazi mikononi mwa madijei: zimebebwa kwenye magari mkono ukiwa haujafungwa, zimegongwa, zimewekewa uzito kupita kiasi ili sindano isiruke. Mota inavumilia hayo yote. Beringi za mkono hazivumilii. Ndiyo maana mashine yenye mikwaruzo na mkono mzima ni bora mara kumi kuliko inayong'aa ambayo mkono wake umelegea.

Jaribio lenyewe halichukui dakika tano, ila muuzaji awe ameweka katriji, kile kijisanduku kinachoshika sindano. Ondoa kifuniko cha sindano na weka namba ya antiskeiti, nguvu inayovuta mkono kuelekea nje, kwenye 0. Zungusha uzito wa nyuma mpaka mkono uelee wenyewe, haupandi wala haushuki. Sasa upulize kidogo, kama unayepoza chai. Mkono mzima unakwenda polepole na kusimama kwa ulaini. Mkono mbovu unakwenda, unasita, kisha unaruka. Baada ya hapo weka antiskeiti kwenye 1. Mkono unapaswa kurudi nje wenyewe, kuelekea kwenye kishikio chake, bila kukwama. Ukikwama mahali palepale kila mara, beringi ina kishimo au imekazwa mno.

Kisha shika bomba la mkono kwa vidole viwili karibu na shina lake, ulisukume kidogo sana mbele na nyuma, halafu kushoto na kulia. Ukihisi "tik" ndogo, kuna ulegevu. Ulegevu peke yake unatibika: fundi anayejua kazi hufungua nati ya kufungia na kuzungusha skrubu ya beringi kiduchu. Cha kuogopa ni skrubu ambayo mfereji wake umeliwa na bisibisi. Hiyo ni alama kwamba kuna mtu alishakaza kwa nguvu, na beringi iliyobanwa hivyo huwa na alama za kudumu ndani. Usiinunue kwa matumaini.

Angalia pia pete ya kupandisha na kushusha mkono, yenye alama za 0 hadi 6. Kwanza legeza wenzo wa kufungia, ndipo uizungushe. Grisi ya zamani huigandisha, na anayeilazimisha huivunja.

Umeme ni jambo fupi lakini lisilosamehe. Soma lebo ya volti kabla ya kuchomeka. Mashine za soko la Japani ni za volti 100, za Marekani ni 120, na ukiziingiza kwenye 230 bila transfoma ya kupunguza, utaunguza transfoma ya ndani au saketi inayodhibiti umeme. Hezi 50 au 60 hazina neno, kwa sababu kasi haitegemei umeme wa ukutani.

Washa, kitelezi cha kasi kikiwa katikati kabisa. Taa ya kijani iwake, na vile vitone vikubwa pembeni mwa sahani visimame tuli kwenye mwanga mwekundu. Vikitetereka unapogusa kitelezi, mara nyingi ni vumbi ndani yake. Kisafishio cha viunganishi vya umeme na kukisogeza mara ishirini au thelathini kutoka mwisho hadi mwisho hutosha.

Ugonjwa mwingine wa kawaida ni spika moja kunyamaza. Wengi hukimbilia kununua katriji mpya, na mara nyingi ni hasara ya bure. Fungua hedisheli, kile kichwa kinachobeba katriji, usafishe pini zake na pini nne zilizo mdomoni mwa mkono kwa pamba yenye alkoholi ya isopropili. Bado kimya? Badilisha waya za RCA, zile zinazopeleka sauti kutoka kwenye mashine, kushoto kwa kulia kwenye amplifaya. Ukimya ukihamia spika ya pili, tatizo liko upande wa kicheza santuri. Sasa rudisha RCA, kisha badilisha jozi za nyaya kwenye katriji yenyewe: nyeupe na bluu ni za kushoto, nyekundu na kijani za kulia. Ukimya ukihama, katriji ndiyo mgonjwa. Usipohama, tatizo liko kwenye pini, waya wa ndani ya mkono, au RCA. Kwenye MK2 waya za RCA zimelehemewa ndani, na huo ni udhaifu wake halisi. Zikivutwavutwa hukatika pale zinapotokea. Kuzibadilisha kunataka kufungua kitako chote na mkono uliotulia wenye kifaa cha kulehemu. Si kazi ngumu, ila si ya kujifunzia.

Mvumo mzito usiokoma karibu daima ni waya wa ardhi ambao haukufungwa kwenye skrubu ya GND ya amplifaya. Amplifaya nayo iwe na mlango wa PHONO; katriji hutoa milivolti chache tu, na mlango wa kawaida utakupa sauti hafifu, nyembamba, isiyo na besi. Kama mlango huo haupo, tafuta kikuza sauti cha fono cha pembeni.

Kwenye kufunga katriji, mashine hii inamrahisishia mtu kazi kuliko nyingi. Ncha ya sindano iwe milimita 52 kutoka mahali hedisheli inapokutana na mkono, basi. Hata rula yenye milimita safi inafaa kama kipimo cha kiwandani kimepotea. Kaza skrubu zote mbili kidogo kidogo kwa zamu, maana ukimaliza moja kwanza katriji hujipinda. Sawazisha boksi kwa kuzungusha miguu, fanya mkono uelee kama kwenye jaribio, shika uzito wa nyuma usisogee na uzungushe pete ya namba pekee hadi 0. Hapo ndipo unazungusha vyote pamoja mpaka uzito unaotakiwa. Ortofon 2M Red hutaka gramu 1.8, Audio-Technica VM95E hutaka 2.0. Antiskeiti ianze na namba hiyohiyo. Pete ya namba inakaribia ukweli, ila mizani ndogo ya sindano inamaliza ubishi. Mwisho, rekebisha kimo mpaka bomba la mkono liwe sambamba na santuri sindano ikiwa juu yake.

VM95E ni ndoa nzuri kwa mkono huu. Mwili wake hupokea sindano zote za familia ya VM95, kwa hiyo ukitaka kupanda daraja hadi VM95ML unachomoa sindano na kuchomeka nyingine, bila kufungua skrubu hata moja. Sindano yenye ncha ya duaradufu, kama ya VM95E, hupewa na kiwanda umri wa saa 300 hivi, kwa hiyo ile iliyokuja na mashine ya mtumba ichukuliwe kuwa imekwisha mpaka ithibitishwe kwa hadubini. Sindano iliyochakaa inakwangua mifereji, na santuri ikishakwanguliwa hairudi.

Matunzo yanayobaki ni machache. Matone mawili au matatu ya mafuta mepesi ya mashine kwenye mhimili kila baada ya saa 2,000 hivi za kucheza. Mafuta ya kupikia hugeuka gundi, na dawa ya kulegeza kutu huosha mafuta mazuri yaliyopo. Zima umeme kabla ya kuinua sahani, na uiweke mbali na chembe za chuma kwa sababu sumaku yake inazinyonya.

Mashine nzima ina kilo 12.5. Ikisafirishwa, toa hedisheli, uzito wa nyuma na sahani, vifungashe kando, kisha funga mkono kwenye kishikio kwa kamba laini juu ya kufuli yake. Sahani ikiachwa juu hurukaruka na kugonga mhimili njia nzima, na ndivyo hata mota hii isiyougua inavyopata ugonjwa.