Mfuko wa ziara ya jiolojia kwa shule: lenzi na kigae kwanza, nyundo baadaye

Mifuko ya vifaa inayouzwa kwa ajili ya ziara za shule machimboni na migodini huwa na vitu vilevile: nyundo, lenzi ya mkono, kigae cha kuchorea madini, vipimo vya ugumu, sumaku, kichupa cha asidi, dira yenye kipima mwinamo, vifuko vya sampuli na kadi iliyobandikwa vijiwe. Juu ya boksi mara nyingi huchorwa nyundo, na ndicho kifaa kitakachotumika kidogo kuliko vyote. Hapa tunaupima mfuko wa aina hiyo kwa darasa la wanafunzi 30, vikundi vya watano watano. Kigezo chetu ni kimoja: je, kifaa kinamwezesha mwanafunzi kusema "hii ni hematiti, kwa sababu nimeona hiki na hiki", au kinamwongezea uzito tu mgongoni?

Lenzi ndiyo roho ya mfuko. Inayokuza mara 10 inatosha kabisa. Zile zinazonadiwa kuwa za mara 30 au 60 ziepuke, kwani ukuzaji ukipanda eneo linaloonekana hubana, na jiwe hulazimika kusogezwa karibu mno hadi lenzi yenyewe inakinga mwanga. Kosa la karibu kila mwanafunzi ni kuishika lenzi mbali, juu ya jiwe, kama anayesoma maandishi madogo. Lenzi hukaa jichoni. Jiwe ndilo linaloinuliwa polepole mpaka libaki kama sentimita 2.5, huku uso uliovunjika karibuni ukielekezwa penye mwanga. Hapo itale haiwi tena jiwe la madoadoa: kwatzi inaonekana kama kioo cha kijivu kisicho na nyuso bapa, feldispa inametameta yote kwa mara moja ukiligeuza jiwe kidogo, na maika inabanduka vijikaratasi. Nunua lenzi moja kwa wanafunzi wawili na uifunge kamba ya shingoni. Lenzi isiyo na kamba hubaki machimboni.

Kigae ni kipande cha kauri kisichong'arishwa, na kwa thamani yake hakuna kinachokishinda. Mwanafunzi anasugua madini juu yake na kusoma rangi ya unga unaobaki, yaani mchirizi. Hematiti inaweza kuwa nyeusi, ya kijivu cha chuma au nyekundu, lakini mchirizi wake ni mwekundu wa kahawia kila mara. Magnetiti, madini ya chuma yanayovutwa na sumaku, huacha mweusi. Piriti, ambayo huwadanganya wengi kwa rangi yake ya dhahabu, huacha mweusi wenye ukijani, ilhali dhahabu huacha mchirizi wa njano ileile ya dhahabu. Jaribio hili moja humaliza ubishi wa nusu saa. Lina mpaka wake lakini: ugumu wa kigae ni karibu 6.5 hadi 7 kwenye kipimo cha Mohs, kinachoanzia 1 kwa laini kabisa hadi 10 kwa almasi, kwa hiyo kwatzi haiachi unga bali inakikwaruza kigae chenyewe, na ule unga mweupe unaoonekana ni wa kigae. Waambie wanafunzi mapema, la sivyo wataandika "mchirizi mweupe" kwa kila jiwe gumu. Kama mfuko una vigae viwili tu, upande wa nyuma wa kigae cha kawaida cha ukutani hufanya kazi vilevile.

Vipimo vya ugumu havihitaji kununuliwa. Ukucha ni 2.5, shaba ni kidogo zaidi ya 3, kioo na ncha ya kisu ni karibu 5.5. Matatizo hutoka kwenye namna ya kupima. Uso uliooza kwa mvua na jua hulifanya jiwe lionekane laini kuliko lilivyo, basi pima pale lilipovunjika upya. Tena kila alama si mkwaruzo. Kitu laini huacha unga wake juu ya kigumu, kama chaki ubaoni. Pangusa kwa kidole chenye maji: alama ikitoka, hakuna kilichokwaruzwa. Kioo kilazwe mezani, kisishikwe mkononi.

Asidi ndiyo inayotutia wasiwasi zaidi katika mifuko hii. Inayofaa ni hidrokloriki iliyozimuliwa hadi karibu asilimia 10, katika kichupa cha plastiki cha kudondoshea, na akae nacho mwalimu. Tone moja juu ya jiwe la chokaa huchemka papo hapo. Dolomiti, jamaa ya chokaa yenye magnesiamu, hukaa kimya mpaka uikwangue ikawa unga, na tofauti hiyo peke yake ni somo zuri. Lakini mifuko mingi huweka kichupa hicho kwenye mfuko mmoja na nyundo na dira. Mvuke wa asidi hupenya hata kwenye kifuniko kilichokazwa, na baada ya muda chuma kinaota kutu na mhimili wa dira unakwama. Kitie kwenye kopo lake lenye kifuniko, weka na maji ya kusuuzia, na usiidondoshe asidi kwenye sampuli zenye salfaidi, yaani madini yenye salfa, kwani baadhi yake hutoa gesi yenye sumu inayonuka kama yai viza.

Dira huuzwa kwa bei ya kujivunia, lakini mgodini hupoteza maana haraka. Reli, magari, nyundo kiunoni, hata mwamba wenyewe ukiwa na magnetiti, vyote huvuta sindano. Kuna pia kosa la kiwandani: sindano iliyosawazishwa kwa ajili ya kaskazini ya dunia huinamisha ncha na kukwaruza sakafu ya dira ikitumiwa mbali kusini. Kipima mwinamo hakiguswi na hayo kwa sababu kinategemea uzito tu. Protrakta, uzi na nati moja hutoa mwinamo wa tabaka kwa usahihi unaomtosha mwanafunzi.

Sasa nyundo. Migodi na machimbo mengi yanayofanya kazi hayaruhusu mgeni kugonga ukuta, na ni sawa, maana jiwe lililolegea juu halitoi taarifa. Nyundo moja ya gramu 500 hadi 700 kwa kikundi inatosha, itumike kwenye rundo la mawe ambalo msimamizi ameliruhusu. Isiwe ya fundi seremala, ambayo uso wake hutoa vibanzi, na kamwe nyundo isigonge nyundo. Miwani ivaliwe na wote walio karibu, si mgongaji peke yake. Kofia ngumu muulize mwenye mgodi kabla ya kulipia, maana mara nyingi hutolewa hapo hapo.

Sumaku nzuri ni ile inayoviringishwa kwenye kifuko cha plastiki: ipitishe juu ya mchanga mweusi, kisha itoe kifukoni, na punje za magnetiti zinadondoka zenyewe. Bila plastiki utazikwangua siku nzima.

Kadi ya vijiwe vilivyobandikwa kwa gundi hatuipendekezi. Huwezi kukwaruza, kusugua wala kupima uzito. Afadhali sampuli 10 au 12 za ukubwa wa ngumi na mizani ya springi. Jiwe la kwatzi lenye gramu 300 hewani, likining'inizwa ndani ya maji, husoma karibu 187. Limepoteza 113, gawanya 300 kwa 113, unapata 2.65, yaani jiwe ni zito mara 2.65 kuliko maji ya ujazo uleule. Galena ya uzito uleule hupoteza 40 tu, na jibu ni 7.5. Mwanafunzi akishapiga hesabu hiyo ataelewa kwa nini mchenjuaji, anayetenga madini na mchanga, hutikisa karai ndani ya maji: kizito hubaki chini. Galena ina risasi, hivyo mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kula, na vifuko vya sampuli visikae pamoja na chakula.