Mita janja ya nusu inchi kwa ploti za Nakuru: nunua, ila soma chati yake vizuri

Kwa ploti ya Free Area au Kiamunyi ambako maji huja kwa mgao, mita janja ya ultrasoniki inaishinda ile ya gurudumu hasa kwa sababu ya hewa. Maji yakirudi, hewa iliyojaa bombani husukumwa mbele, gurudumu linazunguka na mpangaji analipia upepo. Ultrasoniki hupima muda wa mawimbi ya sauti kupita majini, kufuata mkondo na kuupinga. Bomba likiwa tupu, haihesabu.

Pia inanasa maji madogo. Tafuta herufi R usoni pake, inayoonyesha uwezo wa kupima maji madogo: kwa Q3 (mtiririko wa juu wa kawaida) ya mita za ujazo 2.5 kwa saa, R80 hupima sawasawa kuanzia lita 31 hivi kwa saa, R400 kuanzia lita 6 hivi. Choo kinachovuja lita 10 kwa saa hula yuniti 7 na ushee (yuniti ni lita 1,000) kwa mwezi, yaani mitungi 360 ya lita 20. R80 inaweza kukikosa kabisa.

Chati ya matumizi ya kila saa ndiyo inayosifiwa sana dukani, na ndiyo inayopotosha. Penye tangi juu, mita ya getini huona tangi likijaa. Watu wakioga haiwaoni. Kilele cha saa tisa usiku maana yake maji yamefika mtaani saa hiyo. Mhandisi akipanga ukubwa wa mabomba kwa chati hiyo, atakuwa ananakili ratiba ya mgao. Anayetaka tabia halisi za matumizi afunge mita baada ya tangi, kwenye bomba la kushukia nyumbani. Hapo, mstari usiogusa sifuri usiku kucha ni uvujaji.

Mpangilio ni koki, chujio, mita, kisha valvu ya kuzuia maji kurudi. Fungulia maji yasafishe bomba kabla mita haijaingia. Iweke sehemu ya chini ya bomba, hewa isikae humo, na kifuniko cha shimo kiwe cha plastiki, maana chuma huziba mawimbi ya redio yanayotuma usomaji wa mita.

Mita ya tokeni, ya kulipia maji kabla ya kuyatumia, nina shaka nayo. Ina valvu ya mota ndani, na maji ya kwanza baada ya mgao huja na mchanga na kutu. Mchanga ukinasa, valvu haifungi, mota inahangaika na betri inakwisha mapema. Baadhi yake betri imezibwa humo humo, kwa hiyo ikifa unanunua mita nzima. Muulize muuzaji hilo kabla hujatoa pesa.