Modeli ya bahari: gridi ya digrii 1 au ya 1/10?

Modeli hugawa bahari katika gridi, yaani miraba, na hapa swali ni ukubwa wa kila mraba. Kwenye ikweta, digrii 1 ni takriban kilomita 111. Visulisuli vingi vya maji vinavyobeba joto vina upana wa makumi ya kilomita, mara nyingine mia na ushee, kwa hiyo gridi hiyo haivioni. Kazi yao hukadiriwa kwa kanuni, mara nyingi ile ya watafiti Gent na McWilliams ya 1990, na hapo ndipo penye mtego: ukiweka kigawo (namba inayoamua nguvu ya kanuni) kikubwa mno, matabaka ya maji yenye msongamano tofauti yanalala na mkondo unaoizunguka Antaktika unadhoofika.

Gridi ya 1/10 huviona visulisuli vingi, isipokuwa karibu na ncha za dunia ambako huwa vidogo sana. Mkondo wa Ghuba (Gulf Stream, mkondo wa maji ya joto wa Atlantiki) nao huachana na pwani ya Marekani karibu na Cape Hatteras, inavyotakiwa. Kwenye gridi pana hung'ang'ania pwani kuelekea kaskazini na kupasha maji ya huko kupita kiasi.

Bei yake? Miraba mara 10 kwa kila upande wa pande mbili za mlalo, na hatua ya muda (muda ambao modeli husonga mbele kila inapopiga hesabu) fupi mara 10: hesabu mara 1,000. Kina cha bahari huhitaji maelfu ya miaka kutulia, kwa hiyo kwa swali la karne nyingi chukua digrii 1 bila aibu.

Kwenye gridi ya 1/10, ukitaka kujua joto linalobebwa, usizidishe wastani wa mwezi wa kasi kwa wastani wa mwezi wa halijoto. Mchango wa visulisuli utapotea. Zidisha kasi kwa halijoto katika kila hatua ya muda, kisha hifadhi jibu hilo.