Glock 19 Gen 5: inavyofunguka, inavyofungika, na kasoro ninayoiona

Wanaonijia kuulizia bastola yangu huuliza bei, kisha idadi ya risasi. La kwanza kwangu lingekuwa jingine: ukishaifungua kuisafisha, inarudi vipi? Bastola ya kujilinda hukaa kiunoni na kwenye kasiki muda mrefu kuliko uwanja wa shabaha, na hapa Dar jasho na hewa ya chumvi havina huruma na chuma. Utaifungua na kuifunga miaka yote utakayokuwa nayo. Zoezi hilo likiwa gumu utaanza kuliahirisha, na silaha inayoahirishwa usafi haiaminiki.

Yangu ni Glock 19 ya toleo la tano, toleo lililotoka mwaka 2017. Ninaimiliki kwa leseni chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015, na ninayoeleza hapa yanamhusu mwenye leseni kama mimi. Glock 19 yenyewe ni ya 1988: ni Glock 17, ile iliyopokelewa na jeshi la Austria mwanzoni mwa miaka ya themanini, ikapunguzwa urefu na kimo ili ifichike. Mtutu wake una milimita 102, magazini inabeba risasi 15 za milimita 9, na ikiwa na magazini tupu uzito ni gramu 670 hivi. Toleo la tano liliondoa yale mabonde ya vidole kwenye mshikio. Mimi niliona wamefanya jambo la maana, maana yalitengenezwa kwa vidole vya mtu ambaye si mimi.

Sasa, kufunga. Aliyenifundisha silaha ni mjomba wangu, na yeye ni mtu wa CZ 75 Compact, familia ile ya bastola za Kicheki ambazo magazeti ya Kenya huziita tu Ceska. Ni silaha nzuri mno mkononi. Slaidi yake, kile kipande cha juu kinachorudi nyuma ukipiga, inatembea ndani ya fremu, yaani mwili wa chini wenye mshikio, badala ya kuikalia kwa nje, ndiyo maana inaenda laini hivyo. Lakini kuirudisha baada ya kuivua ni darasa. Unapandisha slaidi kwenye fremu, unairudisha nyuma ukipambana na springi hadi alama ya kwenye slaidi ilingane na alama ya kwenye fremu, unaishikilia hapohapo, kisha kwa mkono mwingine unapenyeza pini ya kizuio cha slaidi kutoka ubavuni, ipite kwenye tundu la fremu na kwenye tundu lililo chini ya mtutu. Slaidi ikiteleza kidogo tu, tundu la mtutu linahama na pini inagonga ukuta.

“Mjomba, hii inataka mikono mitatu.”

“Mikono ni miwili. Wa tatu ni subira.”

Glock haina pini ya kutoa. Vipande vinavyotoka ni vinne tu: slaidi, mtutu, springi na fremu. Unaigeuza slaidi tumbo juu, unalaza mtutu mahali pake, halafu inakuja springi, na hapa ndipo penye ujanja pekee wa kazi nzima. Katika toleo hili springi ni mbili zilizofungwa pamoja kwenye fimbo moja, hazifumuki wala hazirukii uvunguni. Ncha ya mbele inaingia kwenye tundu lililo mbele ya slaidi. Kitako cha nyuma kinakaa kwenye mkato wa nusu mwezi ulio kwenye nundu iliyo chini ya mtutu. Nundu ile ina ngazi, na kitako kikikaa kwenye ngazi isiyo yake fimbo inakaa mshazari. Iangalie kwa ubavu: fimbo na mtutu vikienda sambamba, umepata.

Kisha slaidi inapandishwa kwenye fremu. Fremu ni ya plastiki ngumu, lakini slaidi haitembei juu ya plastiki. Kuna vipande vinne vya reli za chuma, viwili mbele na viwili nyuma, na vyote vinne lazima viingie kwenye mifereji ya slaidi. Watu hulenga vile vya mbele wakasahau vya nyuma. Ukiona inagoma, irudishe mbele uanze upya, usiikandamize. Ikiingia sawasawa inateleza hadi nyuma, unavuta hadi mwisho, unaachia, na kile kibati kidogo kilicho juu ya kifyatulio kinajifunga chenyewe. Huhitaji kukishika wala kulinganisha alama yoyote.

Wepesi huu una hatari yake. Kwa sababu inarudi upesi, mtu anaichomeka kiunoni papo hapo. Mimi siondoki mezani bila kuijaribu, tena risasi zote zikiwa chumba kingine. Navuta slaidi, naelekeza mtutu upande salama, nabonyeza kifyatulio nisikie mlio. Bila kukiachia, navuta slaidi tena, kisha nakiachia polepole hadi nihisi kinajiweka upya kwa mlio mdogo. Mwisho naingiza magazini tupu na kuvuta slaidi: ibaki wazi nyuma. Hayo yakitimia, imefungika. Lolote lisipotimia, navua upya, au naipeleka kwa fundi mwenye kibali.

Kasoro sasa. Haiko kwenye kufunga, iko kwenye kufungua, na ndiyo silaha anayonipigia nayo mjomba. Ili uvue slaidi ya Glock, lazima ubonyeze kifyatulio kwanza. CZ yake haidai hivyo, na zipo bastola nyingine ndogo za siku hizi, kama SIG P365, ambazo unafunga slaidi nyuma, unageuza kiwiko kidogo cha kufungulia, basi. Mtengenezaji anaeleza utaratibu wazi: toa magazini, vuta slaidi, angalia chemba, pale risasi inapokaa nyuma ya mtutu, kwa jicho na uipapase kwa kidole, ndipo ubonyeze ukiwa umeelekeza mahali salama. Anayepindua mpangilio, akavuta slaidi kabla ya kutoa magazini, ameingiza risasi mpya chemba kwa mkono wake mwenyewe. Mjomba husema chombo cha kujilinda kisidai ukamilifu kwa mtu aliyechoka saa nne usiku. Sina jibu la kumshinda, zaidi ya kwamba mimi sisafishi silaha saa nne usiku.

Hapohapo kwenye kufungua kuna jambo dogo linalowachosha wageni. Baada ya kubonyeza kifyatulio unarudisha slaidi nyuma kidogo sana, kama milimita tatu, kisha unashusha kibati pande zote mbili kwa vidole. Ukivuta zaidi ya hapo kifyatulio kinajiweka upya na unaanza tena. Kibati chenyewe ni kifupi na kina kingo. Mwenye vidole vinene ataninung’unikia.

Mafuta: kidogo. Tone kwenye kila mfereji wa slaidi, upako mwembamba juu ya mtutu, tone moja nyuma pale kifyatulio kinapokutana na kibati chake cha ndani. Njia ya pini ya kupigia iachwe kavu kabisa, kwa sababu mafuta mle ndani hukusanya uchafu na kupunguza nguvu ya pigo. Ukinunua mpya utaona grisi ya rangi ya shaba kwenye slaidi. Usiifute, imewekwa kiwandani makusudi kwa kipindi cha mwanzo. Rangi nyeusi ya nje imestahimili unyevu wa huku vizuri, ingawa naifuta jasho kila nikiivua kiunoni, kwa hiyo sisemi ni kazi ya kiwanda peke yake.

Ningeinunua tena, ndiyo, na ningemshauri hivyo mtu yeyote mwenye leseni anayejijua kuwa anafuata utaratibu. Mwenye vidole visivyo na nguvu, au aliyeanza kusumbuliwa na baridi yabisi, aombe kwanza muuzaji amruhusu kuvuta slaidi ya bastola tupu na kushusha kile kibati pale pale dukani. Hizo springi mbili ni ngumu kuliko picha zinavyoonyesha.