Nilimlipa fundi anipangie tangi la zoa tupu: uzoefu wangu, South B

Fundi alipoingia sebuleni hakuangalia pale nilipotaka tangi langu la maji ya chumvi la kufugia matumbawe likae. Aliniuliza, "Mzee, kwa mwaka unasafiri mara ngapi?" Nilidhani anapiga soga tu. Kumbe swali hilo ndilo lililobeba kazi nzima. Maji hukauka, chumvi haikauki. Ukienda Kilifi wiki mbili za Desemba kama mimi, unarudi unakuta tangi limeshuka na kilichobaki ni maji ya kumtapisha kamba. Kwa hiyo mpango wake ulianza na pipa dogo la maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, pembeni na kipampu kinachojaza chenyewe. Kioo tulikizungumzia baadaye sana.

Nilichonunua kwake ni huduma mbili: kupanga, halafu kusimika na kujaza. Simtaji jina, kwa sababu ya kwanza nitaisifu na ya pili nitailalamikia.

Mimi nilitaka mchanganyiko wa matumbawe. Mtu aliyekulia pwani, akapanda boti za sakafu ya kioo kule Watamu, akili humtuma aweke kila rangi aliyoiona. Fundi alisikiliza mpaka nikamaliza, kisha akasema: "Lita 60 ni bedsita, mzee. Ukiweka mle familia nne zenye visu, asubuhi unahesabu maiti." Akanieleza. Tumbawe gumu la akropora linajenga mifupa kila siku, kwa hiyo linakula kalsiamu na linataka taa kali. Yufilia, tumbawe jingine, hunyoosha minyiri mirefu usiku na kumchoma jirani. Yale laini yanayofanana na ngozi humwaga kemikali majini kuwazuia wengine wasikue. Baharini kuna nafasi ya kukimbiana, kwenye kioo cha sentimita 60 hakuna.

Akapendekeza zoa tupu, yaani zoantidi, viumbe laini jamaa ya matumbawe, za rangi mbalimbali. Kila kichwa ni kama kitufe cha shati chenye ushungi kuzunguka ukingo: kijani cha kuwaka, machungwa, zambarau lenye kitovu cheupe. Zote zinataka taa ya wastani na mkondo wa wastani, na hazijengi mifupa, kwa hiyo kubadilisha asilimia 10 ya maji kila wiki kunatosha kurudisha kinachotumika. Hizo ni lita sita hivi, ndoo moja. Hakuna chupa za madini za kutia kila asubuhi. Na alikuwa na sababu nyingine: matumbawe magumu yamo kwenye orodha ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, bila karatasi usiyaguse, na zoa hazimo. Nilipotania kwamba nitang'oa kipande nikienda nyumbani, hakucheka. Watamu ni hifadhi tangu 1968.

Mambo mawili kwenye mpango wake nisingeyawaza kamwe. La kwanza ni kwamba Nairobi iko juu, karibu mita 1,800, na hewa yetu nyepesi huingiza oksijeni kidogo majini kuliko Mombasa. Ndiyo maana pampu aliielekeza juu, uso wa maji uwe unachemka-chemka, na chini ya meza akaweka kipampu cha hewa cha betri kinachojiwasha stima ikipotea. Hapa kwetu imepotea mara tatu tangu Aprili, mara moja kwa saa tano, na kila kitu kilipona. La pili ni hita. Nilimcheka, nikamwambia bahari ya kwetu haina hita. Julai ilipofika nikaacha kucheka.

Kisha akatoa glavu na miwani. Baadhi ya zoa zina sumu iitwayo palitoksini, na ni sumu ya kweli, si ya kuwasha ngozi tu. Usizishike ukiwa na kidonda, usikate bila kufunika macho, na usithubutu kumwagia jiwe lake maji moto, kwa maana mvuke wake umewalaza watu hospitali. Nina mtoto wa miaka sita. Tuliweka kifuniko chenye kitasa.

Mpaka hapo ningempa nyota zote. Tatizo lilianza alipokunja mikono ya shati.

Tangi jipya linahitaji wiki kadhaa za kukaa na mawe na maji tu, bakteria wazaliane wageuze amonia kuwa naitraiti, kisha naitreti. Yeye mwenyewe alikuwa ameandika kwenye mpango wiki tano. Siku ya kumi akanipigia: zoa zimefika, alete? Nikapima, amonia bado ipo. "Kidogo tu hiyo," akasema. Nikakataa. Nadhani anayepanga na anayeuza ni mtu mmoja, na muuzaji ana haraka.

Wiki ya tano vipimo viwili, cha amonia na cha naitraiti, vikasoma sifuri, akaleta mawe matano yaliyoota zoa. Zikafunga. Siku ya kwanza nilielewa, safari inachosha. Siku ya nne bado zilikuwa vifundo vya kahawia, na mke wangu akauliza, "Baba Salma, hayo tumelipia ni maua au chunjua?" Fundi kwa simu: punguza taa. Nikapunguza. Wapi.

Jumapili rafiki yangu wa Ruaka alikuja na refraktomita, kile chombo cha kupimia chumvi unachokichungulia kama darubini. Kipimo cha plastiki chenye mshale nilichouziwa kilisema 1.025. Cha rafiki kilisema 1.020. Tukaweka cha plastiki kwenye mwanga: viputo vidogo vimegandia mshale, vinauinua kama maboya. Tangu siku ya kwanza maji yalikuwa na chumvi pungufu, na fundi alikuwa amepima kwa kifaa hicho hicho bila kukigonga.

Kupandisha kwa mkupuo kungeziua. Kwa siku kama 12 nilizima kipampu cha maji baridi, na kilichokauka nikakijazia maji ya chumvi. Maji yenyewe ni ya mtungi wa lita 20, maana ya bomba yana klorini. Hata mitungi inatofautiana: kwa kipimo changu cha kalamu, kinachopima madini yaliyoyeyuka majini, kituo kimoja kilisoma 6, kingine 74, kwa sababu wengine hurudisha madini ili maji yawe na ladha. Siku ya nane jiwe la kijani lilifunguka, vichwa vitatu kwanza.

Nilimpigia fundi kumweleza. Akasema pole, akanirudishia pesa ya kipimo kwa M-Pesa, ya kazi hakugusa. Mpango ningemlipa tena kesho. Ndoo ya chumvi sasa nakoroga mwenyewe.

Jiwe la kijani lilikuja na vichwa 11, leo nimehesabu 34. Limeanza kupanda juu ya lile la machungwa, kwa hiyo Jumamosi nitakata. Glavu ziko msumarini, na Salma ataenda kwa shangazi yake.